Kabla ya Kupima, Tazama Sifuri

Nilipozaliwa, muuguzi wa Temeke alisema: kilo tatu na robo.
Baba akauliza, mizani hii ilikaguliwa lini?
Mama anaapa alikuwa bado hajapewa hata chai,
na mumewe amechuchumaa mlangoni mwa wodi,
jicho moja amelifumba, anautazama mshale.
Ulikuwa umelalia kushoto, gramu arobaini.
Ndiyo maana kadi yangu ya kliniki ina namba iliyokatwa
na juu yake nyingine, kwa mwandiko wake.

Huyo ndiye Hatibu Shomvi, mkaguzi wa vipimo,
miaka thelathini na mmoja ya suruali za kaki
na sanduku la mawe ya shaba:
kilo, nusu, robo, mpaka kile kijiwe cha gramu tano
ambacho Siwatu alikimeza.
Tulikingoja siku mbili.
Baba akakiosha, akakipima upya, akakirudisha kazini.

Kariakoo walimjua kwa kikohozi.
Akikohoa Mkunguni, Tandamti watu wanabandua sumaku chini ya sahani.
Muuza nyama mmoja alimfungia maini kwenye gazeti;
aliyapima, akalipa, akadai risiti,
na risiti ile tukasomewa mezani kabla ya bismillahi.

Mama hakucheka. Mwenzako Mkanula keshapaua, alisema,
sisi tunahesabu nyota tukiwa tumelala.
Kweli. Chumba cha tatu pale Tandika kilikaa miaka minane bila bati,
mpapai ukaota ndani, ukazaa.
Papai la kwanza alilikata vipande sita.
Kilichopinda kikawa chake.

Sisemi alikuwa malaika.
Duka la Mjomba Chande alilifunga kwa waya na lakiri ya risasi,
kaka wa Mama, tumbo moja, mchana, watu wanaangalia.
Idi mbili hakuna sahani iliyovuka mtaa.
Mama alimpakulia akiwa amempa mgongo.
Usiku nilimsikia uani anajisemea:
robo, robo nzima kwa kila kilo,
na wateja wake ni watu wa kibaba.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani.
Ilichelewa dakika nne kwa siku;
kila alfajiri alipanda kigoda akaisogeza mbele
bila kumlaumu mtu.
Na kila mwaka alipanga foleni ya uhakiki
kuonyesha kwamba yu hai.
Wananikagua, anasema akirudi, amefurahi kabisa.

Mara ya mwisho kliniki alipanda, akashuka.
Binti, irudishe sifuri kwanza.
Akapanda tena.
Hamsini na moja.
Mshale ulikuwa sawa. Aliyepungua ni yeye.

Siku ya hitima Mjomba Chande alikuja
na gunia la mchele begani mwa mjukuu,
akakataa lisiingie jikoni.
Lipimeni.
Watu wazima wakanong'ona, si wakati wake huu.
Lipimeni, nimesema.
Nasri akaazima mizani kwa jirani muuza mkaa.
Kilo hamsini na tatu.
Tatu ni za mwaka ule, akasema,
akakaa mkekani, akaomba kahawa.
Mama alimpelekea mwenyewe.

Baba, naandika hili na sina mizani:
mstari huu nane, ule ishirini na moja, vina vimetoroka.
Ungenifungia duka.
Shehe amesema sasa unapimwa wewe.
Nadhani hukuuliza kitu. Kwa mazoea tu ulichuchumaa,
jicho moja umelifumba.

Kijiwe cha gramu tano kiko kwangu.
Ofisi ilipohamia mizani za umeme aliomba kwa barua,
akakinunua. Risiti ipo.
Siwatu anasema ni chake, kwa haki ya tumbo,
na kila Ijumaa anakuja kukidai,
tunabishana mpaka chai inapoa.